Tiketi ya pamoja: Hesabu milango utakayopita, si iliyoandikwa

MFANYABIASHARA wa Mwanza anayepokea wageni, awe na gari la kukodisha, boti au nyumba ya kulala wageni yenye vyumba sita, hana budi kuwa na jibu la swali moja: je, mgeni anunue tiketi ya pamoja inayofungua milango mingi, au alipe kila mlango peke yake?

Jibu lisilo sahihi lina gharama. Mgeni aliyeshauriwa vibaya hulipa mara mbili, na akishalipa mara mbili hupunguza siku za safari. Siku anazozipunguza kwanza ni za mji ambao haukuwa shabaha yake. Kwa mgeni anayekwenda Serengeti, mji huo ni Mwanza.

Hivyo basi, wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ya kupiga hesabu ya tiketi ya pamoja, kwanza kwa upande wa mnunuzi na kisha kwa upande wa mwekezaji mdogo anayefikiria kuingia katika mpango wa aina hiyo.

Somo kutoka kwenye theluji

Biashara iliyoukuza sana utaratibu huu haipo kwetu. Ni ile ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Mwanza ina mawe, haina theluji, lakini hesabu ni ileile.

Nchini Marekani, kampuni ya Vail Resorts, inayomiliki vituo vingi vya mchezo huo, ilianza mwaka 2008 kuuza tiketi ya msimu iitwayo Epic Pass kwa dola 579. Mteja alilipa kabla ya msimu, kisha akawa na ruhusa ya kuteleza katika vituo vya kampuni hiyo siku nyingi kadiri alivyotaka. Kampuni ilipata fedha mapema, hata kama theluji ingechelewa kuanguka. Mwaka 2018 kampuni ya Alterra ikaleta ushindani kwa kutoa tiketi yake, Ikon Pass.

Vituo vidogo vinavyomilikiwa na watu binafsi na familia vilikuwa katika hatari ya kuachwa. Mteja aliyekwisha kulipia vituo vikubwa hakuwa na sababu ya kulipa tena kwa jirani mdogo. Ndipo mwaka 2019 ikaanzishwa Indy Pass, iliyouzwa kwa dola 199 katika msimu wake wa kwanza. Tiketi hiyo humpa mteja siku mbili tu katika kila kituo kilichomo. Kila kituo hubaki mali ya mwenyewe, na hulipwa kutokana na idadi ya wateja wenye tiketi hiyo waliofika.

Tofauti ya tiketi hizi inafundisha jambo la msingi. Mtu anayerudi mahali pale pale kila mwisho wa wiki hafaidiki na tiketi ya siku mbili mbili, kwa kuwa siku ya tatu atalipa tena. Anayezunguka kutoka kituo hadi kituo ndiye anayefaidika. Kwa hiyo, kabla ya kutazama bei, mnunuzi ajue kwanza kama yeye ni mtu wa kurudi au mtu wa kuzunguka.

Visa ya nchi tatu

Kwetu Afrika Mashariki, tiketi ya pamoja iliyo mashuhuri kuliko zote ni visa ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014. Bei yake ni dola 100. Hudumu siku 90, na mwenye nayo anaweza kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu mara kadhaa. Anatakiwa aiombe katika nchi atakayoingia kwanza, na aingie kupitia nchi hiyo.

Mgawanyo wa mapato uliokubaliwa ulikuwa rahisi: kila nchi ipate dola 30, na nchi iliyotoa visa iongezewe dola 10 za kazi ya utoaji. Tanzania haimo.

Visa hii ilipoanza, hesabu yake haikuwa na utata. Visa ya kawaida ya Kenya ilikuwa dola 50, na ya Uganda dola 50. Aliyekwenda nchi mbili hakupata hasara wala faida. Aliyeongeza Rwanda alipata nafuu.

Januari 2024 Kenya iliondoa visa ya kawaida na kuweka kibali cha safari cha kielektroniki chenye bei ya dola 30. Bei ya visa ya pamoja ilibaki dola 100. Hapo mizani ilihama, na mshauri anayetumia hesabu ya zamani anampotosha mgeni wake.

Tuchukue Mjerumani anayetaka kwenda Kenya na Uganda. Akilipa kila nchi peke yake atatoa dola 30 na dola 50, jumla dola 80, kabla ya ada ndogo za mtandao na benki. Visa ya pamoja ni dola 100. Hapo tiketi ya pamoja inamtia hasara ya dola 20.

Mjerumani huyo huyo akiongeza Rwanda, ambako visa yake ni dola 50, malipo ya nchi moja moja yanafika dola 130. Sasa visa ya pamoja inamwokolea dola 30.

Aidha, pasipoti nayo ina nafasi yake katika hesabu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola huingia Rwanda kwa siku 30 bila kulipia visa. Mwingereza anayezunguka nchi zote tatu kwa hiyo hulipa dola 80 akilipa moja moja. Akinunua visa ya pamoja kwa sababu tu imeandikwa nchi tatu, ametoa dola 20 kwa mlango ambao kwake ulikuwa wazi.

Hivyo wageni wawili walioketi katika gari moja, wenye ratiba moja, wanaweza kuhitaji ushauri tofauti. Usitoe jibu moja kwa kundi zima kabla ya kuona pasipoti.

Mlango usiomo

Kwa Mwanza, jambo kubwa zaidi liko katika masharti. Mwenye visa ya pamoja akitoka nje ya eneo la nchi tatu, visa hiyo imekwisha, hata kama siku 90 hazijatimia. Kuvuka Sirari kuja Musoma na Mwanza ni kutoka nje ya eneo hilo. Kuvuka Mutukula kuja Bukoba ni vilevile.

Tuchukue kundi la Wajerumani wanne wanaotaka Kenya, Uganda na Tanzania. Visa ya kawaida ya Tanzania kwao ni dola 50. Wakilipa nchi moja moja, kila mmoja atatoa dola 130. Wakitumia visa ya pamoja pamoja na ya Tanzania, kila mmoja atatoa dola 150. Kwa watu wanne tofauti ni dola 80.

Ikiwa kundi hilo litataka kurudi Nairobi kupanda ndege baada ya Mwanza, visa ya pamoja haiwafai tena. Watahitaji kibali kipya cha Kenya cha dola 30, na gharama inafika dola 180 kwa kila mtu. Aliyelipa moja moja, hata akitozwa kibali kipya, hatazidi dola 160.

Dola 20 au 30 si fedha za kumfilisi mtalii aliyenunua tiketi ya ndege kutoka Ulaya. Lakini mgeni anayeambiwa mpakani kwamba karatasi aliyoilipia imekufa hachukulii jambo hilo kwa wepesi. Akiambiwa mapema, akiwa bado Nairobi, uamuzi rahisi kwake ni kubaki Kenya na kuiacha safari ya Ziwa. Anayepoteza hapo ni mwenye kitanda, mwenye boti na mama lishe wa Mwanza.

Dawa ya tatizo hili ni kupanga ratiba vizuri. Nchi zilizomo katika visa ya pamoja ziende mwanzo, Tanzania iwe mwisho, na mgeni aondokee Mwanza, Kilimanjaro au Dar es Salaam. Kwa mfano, anaweza kuanza Nairobi, aende Kampala na Kigali, arudi Uganda, kisha ashuke Mutukula, Bukoba, Geita, Mwanza na hatimaye Serengeti. Visa ya pamoja itakufa Mutukula, lakini itakuwa imemaliza kazi yake.

Wafanyabiashara wakumbuke pia kwamba visa hiyo ni ya utalii. Anayekuja kununua samaki, mchele au vipuri aombe kibali kinachohusika na shughuli yake. Nao raia wa Tanzania hawana haja nayo kwa kutembelea nchi hizo tatu, kwani ni wenzao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hifadhi za ukanda wa Ziwa

Baada ya mipaka, mgeni hukutana na malango ya hifadhi, na huko utaratibu wa kawaida ni kulipia kila lango. Tiketi ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haimwingizi mtu Ngorongoro, kwa sababu Ngorongoro iko chini ya mamlaka nyingine. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yanayopakana na Serengeti, nayo yana msimamizi wake.

Mwanza ina bahati ya kuwa karibu na hifadhi ndogo zisizosongwa na magari. Kisiwa cha Saanane kiko mbele ya mji, karibu na Capri Point. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi tangu mwaka 1977, kina sokwe waliotokana na wale walioletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Burigi-Chato ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019.

Tangu Juni 19, 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, magari ya kuelekea Geita, Chato na Kagera hayasubiri tena kivuko mahali hapo. Kwa mwenye gari la wageni, saa alizokuwa akipoteza foleni ni saa anazoweza kuziuza.

Hata hivyo, katika hifadhi hizi kiingilio si gharama kubwa pekee. Kwenda Saanane kunahitaji mwendo mfupi wa boti. Kwenda Rubondo kunahitaji gari hadi Nkome au Muganza, kisha boti, na kwa kawaida malazi. Boti hukodishwa kwa safari. Mgeni mmoja hubeba mzigo wote wa mafuta, na wageni sita huugawana.

Kwa hiyo punguzo la kiingilio pekee halimfikishi mtu Rubondo. Anayetaka kumsaidia mteja wake atafute kwanza wenzake wa kujaza boti. Nafuu inayopatikana kwa kugawana mafuta inaweza kuzidi punguzo lolote la langoni.

Kadi ya wadogo: Mfano wa hesabu

Sasa tugeukie upande wa mwekezaji. Mwanza ina watoa huduma wengi wadogo ambao kila mmoja hutafuta mteja kivyake: wenye boti za mjini, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora huko Kisesa, waongozaji wa safari za Ukerewe, vikundi vya ngoma. Je, wanaweza kuuza kadi moja, kama vile vituo vidogo vya theluji vilivyofanya?

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kuna milango mitatu, yaani boti ya mjini, makumbusho, na safari ya kisiwani, na kila mmoja bei yake ya kawaida ni Sh. 10,000. Kadi ya pamoja inauzwa Sh. 24,000. Tuseme zimeuzwa kadi 1,000, na mfuko una Sh. milioni 24.

Mnunuzi anayepita milango miwili ametoa Sh. 24,000 kwa huduma ya Sh. 20,000. Amepata hasara. Ni yule tu anayepita yote mitatu anayeokoa Sh. 6,000. Na ikiwa nauli ya kufika mlango wa tatu ni Sh. 30,000, ile Sh. 6,000 haiwezi kumtoa mtu mjini.

Sasa tuseme waliofika kwenye boti ni 900, makumbusho 200 na kisiwani 100, jumla mara 1,200. Mfuko ukigawanywa sawa, kila mmoja anapata Sh. milioni 8. Mwenye boti amebeba watu 900 kwa wastani wa Sh. 8,900 hivi kila mmoja, chini ya bei yake ya kawaida. Mwenzake wa kisiwani amepokea watu 100 kwa Sh. 80,000 kila mmoja. Ushirika wa namna hiyo hauwezi kufika msimu wa pili.

Mfuko ukigawanywa kwa idadi ya waliofika, kila mgeni ana thamani ya Sh. 20,000. Boti inapata Sh. milioni 18, makumbusho Sh. milioni 4, na kisiwa Sh. milioni 2. Kila mmoja amepata mara mbili ya bei yake ya kawaida, na wote wanaonekana wamefaidika.

Lakini fedha hizo za ziada zimetoka kwa wanunuzi ambao hawakutumia kadi zao. Kwa wastani kila mmoja amelipa Sh. 24,000 na kupata huduma ya Sh. 12,000. Mwakani hatanunua, na atamweleza jirani yake.

Kinyume chake, kila mwenye kadi akipita milango yote mitatu, waliofika wanakuwa 3,000 na kila mgeni ana thamani ya Sh. 8,000. Mwenye boti ambaye mafuta na mshahara humgharimu Sh. 8,500 kwa kila abiria anapata hasara kila anapong'oa nanga.

Kadi nzuri, basi, iko katikati. Inahitaji milango iliyo karibu kiasi cha kufikika kwa siku moja, au usafiri uliomo ndani ya bei. Inahitaji mgawanyo kwa idadi ya waliofika, na daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulikagua. Na inahitaji kila mwanachama ajue gharama yake halisi kwa mgeni mmoja kabla ya kutia saini.

Faida ya kweli kwa mwanachama mdogo ni kupata mgeni ambaye asingefika kabisa bila kadi. Mteja aliyekuwa anakuja tayari kwa Sh. 10,000, sasa akija kwa Sh. 8,000, amekupunguzia mapato. Mteja mpya kwa Sh. 8,000, ikiwa gharama yako ni Sh. 5,000, amekuongezea. Anayeingia katika mpango bila kujua uwiano wa wateja hao wawili anacheza bahati nasibu.

Maswali kabla ya kulipa

Anayenunua tiketi yoyote ya pamoja, kwa ajili yake au kwa niaba ya mgeni, ajiulize haya.

Kwanza, nitapita milango mingapi kwa hakika, kwa ratiba iliyokwisha kupangwa? Usihesabu mlango wa "labda."

Pili, mlango upi kati ya hiyo ungekuwa wa bure au wa bei nafuu kwangu hata bila tiketi hii?

Tatu, tiketi inakufa lini? Baadhi hufa kwa tarehe, baadhi kwa saa, na baadhi, kama visa ya nchi tatu, kwa kuvuka mpaka. Uliza pia kama kutoka na kurudi kunaruhusiwa.

Nne, gharama ya kufika mlangoni ni kiasi gani, na kuna wa kugawana naye?

Tano, bei niliyotajiwa ina Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake? Asilimia 18 inayojitokeza mwishoni inaweza kumeza punguzo lote. Mwenye kutoa bei kwa wageni akumbuke pia kwamba kanuni zilizoanza Machi 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma za ndani zitajwe kwa shilingi. Bei iliyotangazwa kwa shilingi leo kwa safari ya miezi minne ijayo iwe na nafasi ya mabadiliko ya dola kwa gharama zake zinazofuata dola.

Tathmini ya ukurasa huu

Kwa wageni wa ukanda wa Ziwa, visa ya pamoja inafaa kwa mwenye pasipoti anayetozwa Rwanda, atakayezuru nchi zote tatu, na atakayeifanya Tanzania kituo cha mwisho. Wengine wote wapige hesabu upya, na wengi wao watakuta malipo ya moja moja ni nafuu.

Kwa wawekezaji wadogo, kadi ya pamoja ya Mwanza ni wazo linaloweza kuwa na soko, lakini lianze na milango miwili au mitatu ya karibu na mji, kwa msimu mmoja, na malipo kwa idadi ya waliofika. Rubondo na Ukerewe ziongezwe pale usafiri wake utakapokuwa ndani ya bei. Kuziandika kwenye kadi ili ionekane ndefu ni kumuuzia mteja njia asiyoweza kuipita.